VIATU VYA BAISKELI VYA BEI CHEE: MNAOWACHEKA WENZENU, RISITI ZENU ZIKO WAPI?

Haya wadau, mjini kuna ugomvi mpya na safari hii si wa mapenzi. Ni wa viatu. Tena si vile vya kuendea klabu Ijumaa. Ni vya baiskeli, vile vyenye soli ngumu kama ubao na kibati chini yake, ambavyo ukitembea navyo kwenye vigae unasikika kama mbuzi anapanda ngazi.

Staa mmoja wa hapa Dar (jina kapuni, ila ukiona miwani inayong'aa rangi zote za upinde wa mvua na soksi nyeupe zilizovutwa hadi katikati ya ugoko utamjua) alirusha klipu ya asubuhi pale Daraja la Tanzanite. Kamera ikaacha bahari, ikaacha jua linalochomoza, ikashuka moja kwa moja kwenye miguu ya kijana aliyekuwa anapumzika pembeni na chupa yake ya maji. Viatu vyeusi, vya kubandika, havina nembo. Staa akacheka, akauliza kama hivyo ni vya baiskeli au vya kuchimbia mtaro, kisha akamalizia eti kama huna hela ya kiatu cha maana bora ukae nyumbani. Emoji za kulia kwa kicheko zikamwagika. Kijana hakujibu kitu. Jumapili iliyofuata hakuonekana darajani, na iliyofuata tena hakuonekana.

Sasa hapo utani umeisha. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi kwa hela yake mwenyewe karudishwa kitandani na mtu aliyevaa viatu vya bure.

Ndiyo, vya bure. Ushahidi kauweka staa mwenyewe, wiki tatu kabla ya klipu hiyo: anafungua boksi, anavinusa viatu, analishukuru duka, anamwaga mioyo myekundu. Hakuna ubaya, kila mtu na mchongo wake mjini. Ubaya unaanza pale mtu aliyelipwa kuvaa kiatu anapomcheka aliyelipa ili avae chake. Viatu vya ngazi ya juu kabisa vya makampuni makubwa ya nje vinauzwa zaidi ya dola 400. Kwa hela ya kwetu hapo umepita milioni, bado usafiri, bado ushuru. Kijana wa darajani kiatu chake kimemgharimu laki moja kasoro, akakitoa kwenye mshahara wa kukaa kaunta ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Nani hapo kafanya jambo la maana na hela yake?

Lakini huruma haiendeshi baiskeli. Swali lenyewe linataka jibu: viatu vya bei chee vinafaa au ni kutupa hela?

Vinafaa. Siyo vyote, na si kwa kila mtu, na wauzaji wengine ni matapeli wa kutupwa, watafikiwa hapo chini. Ila ile hadithi kwamba bila kiatu cha milioni unapoteza nguvu zako barabarani ni maneno ya dukani.

Kiatu cha baiskeli kina kazi mbili tu. Ya kwanza ni soli kuwa ngumu, ili mguu ukisukuma pedali kiatu kisijikunje katikati kama ndala. Ya pili ni kushikana na pedali kwa kile kibati kinachoitwa kliti, unachokifunga chini ya soli kwa skrubu. Unakanyaga, kinalia “ta!”, mguu umefungwa. Ukitaka kutoka unapeleka kisigino upande wa nje. Mambo haya si mageni. Mfaransa Bernard Hinault alishinda Tour de France mwaka 1985 akiwa na pedali za Look, kampuni iliyochukua ujuzi wake kwenye vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1990 Wajapani wa Shimano wakaleta mfumo wao wa SPD, kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli ili mtu akishuka aweze kutembea kama binadamu. Yaani teknolojia hii ina umri wa kuitwa baba. Kiwanda chochote cha leo kinaweza kutoa soli ngumu ya nailoni yenye matundu ya kliti bila miujiza.

Na wenye sayansi walishapima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, waliwapandisha watu baiskeli kwa mwendo wa kawaida: mara wamevaa raba za kukimbilia kwenye pedali za kawaida, mara wamevaa viatu vya baiskeli vilivyofungwa kwenye pedali. Wakapima nguvu ambayo mwili unatumia. Tofauti ya maana haikuonekana. Raba! Chuo hichohicho baadaye kikapima mbio za kufyatuka, zile za kutoa roho kwa sekunde chache, na hapo kiatu cha kufunga kikaizidi raba waziwazi. Lakini walipolinganisha soli kwa soli, ya nailoni na zile ngumu zaidi za kaboni, kasi ya mfyatuko haikubadilika.

Soma hapo tena taratibu. Kiatu cha kufunga kinasaidia unapofyatuka. Kaboni iliyopandisha bei hadi milioni haikuongeza kitu kwenye kipimo hicho. Sasa staa wetu, anayesimama kila baada ya kilomita mbili kupiga selfi, anafyatuka kwenda wapi?

Wenye nazo watasema kaboni ni nyepesi, na kile kitufe cha kuzungusha badala ya kamba kinabana vizuri zaidi. Kweli kabisa. Vitu vizuri hivyo, anayeweza anunue, avae, apendeze. Lakini kitufe hicho kikivunjika hapa Dar, uende wapi? Uagize, usubiri, ulipie. Kile cha kubandika kikichoka unampelekea fundi cherehani yeyote wa mtaani, anabandua, anashona kipya, jioni unapanda. Soli ikiachia gundi kwa joto letu hili (na za bei chee huachia, kusiwe na uongo), fundi viatu wa pale chini ya mwembe anaipiga uzi mzima kwa hela ya chipsi. Kwa mji wetu, kiatu kinachotengenezeka mtaani ni utajiri, hata kama hakina jina.

Sasa upande wa pili, maana wauzaji wa mtandaoni nao wamezidi.

Kuna dada mmoja, nesi wa hospitali moja ya hapa mjini, anakwenda kazini kwa baiskeli kutoka Mwananyamala. Aliona viatu mtandaoni: vyekundu, vimechongoka vizuri, vina kitufe cha kuzungusha, picha yuko mzungu anapanda mlima. Bei ya kutupa. Akalipa kwa simu. Vilipofika akavigeuza: chini pako laini, raba tupu, hakuna tundu hata moja. Ni viatu vyenye umbo la viatu vya baiskeli, basi. Kliti hufungi hata ukilia. Alipomfuata muuzaji akaambiwa hakuuliza, kisha akapigwa bloku. Viatu vya aina hiyo vipo vingi na si dhambi kuvitengeneza, vinavaliwa kwenye pedali za kawaida. Dhambi ni kumwonyesha mtu picha ya juu na kumficha picha ya chini. Kwa hiyo mdau, kabla ya kutuma hela, omba picha ya soli. Muuzaji akizungusha maneno, zungusha na wewe usukani.

Ukiipata picha ya soli, hesabu matundu. Matundu mawili katikati, yaliyozama: hiyo ni kliti ndogo ya chuma, ya SPD. Matundu matatu yaliyokaa kama pembetatu: hiyo ni kliti kubwa ya plastiki, ya baiskeli za mbio. Hapa ndipo wengi wa bei chee wanapoumia, na si kwa sababu ya bei. Wanaona mastaa wamevaa ya matundu matatu, nao wanataka ya matundu matatu. Kliti ya plastiki inatokeza nje ya soli. Ukishuka unatembea kama kuku kwenye lami ya moto. Vigae vya benki unateleza, ngazi za daraja la watembea kwa miguu unateleza, na kila hatua kwenye lami inaila plastiki hadi siku inakataa kushika pedali, na hapo unanunua nyingine. Mtu anayepita dukani kuchukua maji, anayesukuma baiskeli kwenye mchanga wa Kigamboni, anayevuka barabara kwa miguu pale Ubungo, huyo ni mtu wa matundu mawili. Kiatu cha bei chee cha matundu mawili chenye soli ya nailoni ni ununuzi wa akili. Cha matundu matatu cha bei chee, kwa mpanda wa mjini, ni kununua picha.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaitaji. Kiatu peke yake hakifanyi kitu. Kliti mara nyingi haziji na kiatu, zinakuja na pedali. Na pedali za kufunga unanunua kivyake. Kwa hiyo yule anayejipigapiga kifua kwamba kapata viatu kwa elfu sabini atashangaa akifika kwa fundi. Hapo kwenye pedali na kliti ndipo pasipotaka mchezo wa bei. Kiatu kibovu kitakuchubua kidole. Kliti feki isiyoachia itakulaza mbele ya daladala. Kama una laki mbili ya kugawa, kula bei chee kwenye kiatu, na ile hela nyingine peleka kwenye pedali na kliti halisi za kampuni moja, maana za Look na za Shimano hazishikani hata kama zote zina matundu matatu.

Kuanguka nako kusemwe, kwa sababu kapteni mmoja wa kundi la wapanda baiskeli (jina kapuni pia, ila ana sauti ya mkuu wa shule) ameligeuza kuwa fimbo. Anasema viatu vya bei rahisi vinaangusha watu, hivyo kwenye kundi lake havitakiwi. Ni kweli wanaoanza wanaanguka. Mataa ya Morocco yamewaona wengi: taa nyekundu, baiskeli inasimama, mguu umefungwa, mtu anakumbuka kuchomoa wakati tayari analala ubavu taratibu kama mti uliokatwa, bodaboda zote zinapiga honi. Lakini wanaangukia kwenye viatu vya bei zote. Kinachomwangusha ni kutozoea, au skrubu ya pedali iliyokazwa mno. Pedali nyingi za kufunga zina skrubu ndogo ya kulegeza mng'ato. Unailegeza mpaka mwisho kwa wiki za mwanzo, unajifunzia uwanjani au kwenye majani, unachomoa mguu mmoja mita kadhaa kabla ya kusimama. Shimano wenyewe wanatengeneza kliti ya pili inayoachia kwa kuvuta pande kadhaa, si kisigino peke yake. Haya yote kapteni anayajua. Angeweza kuyasema kwa dakika tano kabla ya kundi kuondoka. Kachagua kukagua nembo.

Na kama kweli ni usalama unaomkera, angepita na spana mkononi akague skrubu za kliti. Zikilegea, au moja ikidondoka njiani, kiatu kinazunguka lakini kliti inabaki imeng'ang'ania pedali. Unapeleka kisigino nje, mguu unakwenda, hautoki. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na inampata mwenye kiatu cha milioni sawasawa na mwenye cha elfu themanini. Dawa yake ni kukaza upya baada ya safari mbili tatu za kwanza. Halafu kapteni huyohuyo anaongoza watu alfajiri Barabara ya Bagamoyo, nusu yao hawana taa ya nyuma. Taa ya nyuma! Kitu cha kukuonyesha kwa dereva wa lori kabla hajakupitia mgongoni. Hilo halijawahi kuwa sheria ya kundi. Viatu ndiyo sheria.

Kila neno la dharau lina bei, na mara nyingi halilipwi na aliyelitamka. Kwenye kundi hilohilo yupo kijana mwingine, fundi simu, ambaye baada ya kuambiwa mara mbili mbele za watu kuhusu viatu vyake aliamua kuwafunga midomo. Hela hakuwa nayo. Akaingia kwenye mikopo ya simu, ile ambayo mtaa umeshaibatiza kausha damu. Akanunua viatu vya jina kubwa kutoka kwa mtu anayeuza kwa DM, nusu bei, eti vimetoka Ulaya na mtu anahama. Akavaa Jumapili, akasifiwa, akapigwa picha yuko mbele kabisa. Wiki chache baadaye kitambaa kikaanza kuachana na soli, na alipowaonyesha wanaojua, kumbe kopi. Soli iliyochorwa mistari ya kaboni ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi. Mkopo ulikuwa wa kweli. Simu zikaanza kuita kwa mama yake, kwa bosi wake, kwa mteja aliyewahi kumtengenezea kioo. Baiskeli ikauzwa kufidia.

Yaani mtu kaanza na baiskeli na viatu vya bei chee vinavyofanya kazi, kamaliza bila baiskeli, ana viatu feki na deni. Hapo nani alikuwa mshamba?

Wapo wanaojitetea kwamba michezo ina hadhi yake, kwamba ukiingia lazima ufanane na wenzako. Hadhi ya nani? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Watoto walikaa kwenye kuta na mitini kutazama. Hao ndio watakaopanda kesho, na watapanda na walichonacho. Kanda ya Ziwa huko, Shinyanga na Simiyu, baba anabeba gunia na mtoto kwenye baiskeli moja ya chuma, miguuni katambuga za tairi, na hajawahi kuuliza pedali yake inamwonaje. Mkimwona mnampiga picha mnaandika “nguvu ya mwanaume wa Kiafrika”. Akija mdogo wake mjini na kiatu cha elfu themanini mnamwambia akae nyumbani. Mnachagua maskini wa kumpenda kwenye picha tu.

Nayo dhana kwamba lazima uwe na viatu vya kufunga, kwa bei yoyote ile, inafaa ipunguzwe mwendo. Yule nesi wa Mwananyamala hajanunua vingine. Anapanda na raba yake ya soli nene na pedali pana zenye meno, anafika wodini kwa wakati, anavua helmeti, anaanza kazi. Kwa umbali wake, na kwa vituo vyote vile vya njiani, yuko sawa kabisa. Viatu vya kufunga anavihitaji anayepanda saa mbili tatu mfululizo, anayependa kufukuzana na wenzake, au anayechoshwa na mguu kuteleza kwenye pedali mvua ikinyesha. Huyo naye aanzie chini. Ajaribu kwanza saizi, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi atakayopandia, kwa sababu kiatu kinachobana vidole kitamtesa hata kingekuwa na jina la rais. Saizi za viatu vya kuagiza mara nyingi ni ndogo kuliko zilivyoandikwa, kwa hiyo apime urefu wa mguu kwa sentimita, alinganishe na jedwali la muuzaji, asiamini namba peke yake. Kliti aifunge usawa wa ule mfupa mnene chini ya kidole gumba. Goti likianza kulalamika, arekebishe kliti kabla hajalaumu kiatu.

Akishapanda msimu mzima, vikachakaa, akajua mguu wake unataka nini, hapo aongeze hela akitaka. Kati ya vile vya elfu themanini na vile vya milioni kuna ngazi nyingi, na makampuni makubwa yenyewe yana viatu vya kuanzia vya kama dola 100, soli ya nailoni, vya kubandika. Mastaa hawavipigi picha kwa sababu hakuna anayewalipa kuvivaa.

Kuhusu kapteni, taarifa za ndani ni kwamba wiki hii kundi limetoa tangazo la safari ya Bagamoyo, na masharti ni yaleyale: jezi ya kundi, soksi nyeupe, viatu vya kampuni inayotambulika. Inayotambulika na nani, tangazo halisemi. Taa ya nyuma haijatajwa popote.